Rimu Mpya, Upepo wa Kale

Gari likiingia nyumbani kwa watu wa Pwani halipokelewi kama chombo kitupu. Huombewa dua, pengine likafukizwa udi, na wazee wakaingia mmoja baada ya mwingine kulikalia, kila mmoja akatoa neno lake la kheri. Baada ya miezi michache huja zamu ya vijana. Vioo hutiwa giza, redio hubadilishwa, na rimu za chuma zilizokuja na gari kutoka Japani huvuliwa, mahali pake zikatiwa rimu za aloi, kubwa na zing'aazo, zilizovikwa tairi zenye ubavu mfupi. Gari hupendeza, hilo hatulikatai. Lakini siku ile rimu zilipobadilishwa, aghalabu hakuna aliyeuliza kuhusu upepo.

Mama mmoja, msomaji wetu wa upande wa Kisauni, ametuletea swali ambalo tumeliona ni la familia nyingi. Mwanawe alibadilisha magurudumu ya gari lao la watu saba, kutoka rimu za inchi 15 hadi za inchi 17, wiki moja kabla ya safari ya harusi Malindi. Asubuhi ya kuondoka mama akaenda kituo cha mafuta, na kijana wa pampu akamwuliza atie upepo kiasi gani. Mama hakujua. Kijana akasema yeye kila gari hulitia 32. Mwana, alipopigiwa simu, akasema 30 yatosha ili gari liwe laini. Kibandiko kilicho mlangoni mwa dereva kilisema 230. Na ubavuni mwa tairi mpya, mama alipoinama na kusoma kwa macho yake, pameandikwa 51. Sasa anatuuliza: katika majibu manne haya, lipi ndilo?

Jibu letu ni kwamba hakuna hata moja. Tutaeleza kwa nini, na tutaeleza kwa urefu, kwa sababu jambo hili huachiwa wanaume na mafundi ilhali wanaopeleka watoto shule na chuoni kila siku, katika nyumba nyingi, ni akina mama.

Tuanze na kile kibandiko cha mlangoni, kwani ndicho chenye heshima kubwa kuliko vyote. Mfungue mlango wa dereva mtazame kwenye nguzo ya gari, pale mlango unapofungia. Kwa magari yaliyotoka Japani maandishi huwa ni ya Kijapani, lakini tarakimu ni zile zile tunazozijua. Kutakuwa na kipimo cha tairi, kwa mfano 195/65R15, na mbele yake 230 kPa, au 2.3 kwa kipimo kingine cha Kijapani. Hiyo 230 si idadi ya kutisha. Ni kilopaskali, na mkiigawanya kwa 6.9 mtapata psi, ambacho ndicho kipimo cha geji za vituo vyetu. Basi 230 ni kama 33. Waliolitengeneza gari walilipima, wakajua uzito wake, breki zake na tabia yake konani, wakachagua kiasi hicho. Lakini walikichagua kwa ajili ya tairi ile waliyoiandika, 195/65R15, na si nyingine. Tairi ikibadilika ukubwa, kibandiko kinabaki kusema kweli juu ya tairi ambayo haipo tena.

Na ile 51 ya ubavuni? Hiyo ni mpaka, wala si agizo. Mtengenezaji wa tairi anasema: msinitie zaidi ya hapa. Hajui tairi yake itavikwa gari gani, dogo au zito, kwa hiyo hawezi kusema gari lako linahitaji nini. Tumesikia mara nyingi watu wakijaza mpaka kiasi kile kilichochapwa, wakidhani wanafuata maandishi. Gari likawa linaruka juu ya kila jiwe, na tairi likagusa lami kwa kipande kidogo cha katikati tu. Masika yakiingia na barabara ikitelemka maji, kipande hicho hakitoshi kulisimamisha gari.

Zile 30 na 32 za vijana wetu ni mazoea tu. Hazikutoka popote.

Ili kupata jibu la kweli inatupasa kuisoma tairi, na tunawaomba wasomaji wasichoke hapa, maana ni rahisi kuliko kusoma karatasi ya dawa. Tairi ya zamani ya mama huyu ni 195/65R15 91. Tarakimu ya kwanza ni upana wake kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, kwa asilimia ya upana ule: 65 katika mia ya 195 ni milimita 127 hivi. 15 ni inchi za rimu. Tairi mpya ni 215/45R17, yaani pana zaidi kwa sentimita mbili, lakini ubavu wake ni milimita 97 tu. Ukipima kutoka ardhini hadi juu, gurudumu lote la kale lilikuwa na milimita 634 na jipya lina 625. Tofauti hiyo ni ndogo, mwendo unaoonyeshwa na saa ya gari hautapotoka kwa kiasi cha kusumbua, na kwa hilo fundi aliyewauzia hakukosea.

Lakini tarakimu ya mwisho, ile 91, ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo kiini cha mambo yote. Ni nambari ya mzigo. Haisomwi kama kilo. Ni alama inayosimamia kilo katika jedwali linalokubalika dunia nzima. 91 maana yake tairi moja inaweza kubeba kilo 615. 88 ni kilo 560. 87 ni kilo 545, na 84 ni kilo 500. Sasa tairi za ukubwa wa 215/45R17 huuzwa kwa namna mbili: za kawaida zenye nambari 87, na za kuimarishwa zenye nambari 91 na herufi XL ubavuni. Kwa macho hazitofautiani. Zote nyeusi, zote mpya, na ya 87 aghalabu ndiyo rahisi kwa bei.

Hapa hatuna maneno ya kupamba. Gari lililotengenezwa kwa tairi za 91 halivikwi tairi za 87. Mwenye duka atasema hazina neno, na huenda akafanya hesabu mbele yenu: kilo 545 mara nne ni zaidi ya tani mbili, na gari lenu pamoja na watu wake halifiki hapo. Hesabu hiyo inasimama kwenye mizani, haisimami barabarani. Uzito haugawanyiki sawa kwa magurudumu manne. Mkifunga breki ghafla kwa sababu ya ng'ombe aliyekatiza, uzito wote hukimbilia mbele. Mkikata kona hulalia upande mmoja. Mkiingia shimoni, gurudumu moja kwa nukta moja hubeba zaidi ya haki yake. Akiba ile ya kilo iliwekwa kwa saa hiyo, na anayeiuza akiba hiyo kwa sababu ya bei ya tairi hatamwona mnunuzi wake tena.

Tuseme basi kwamba kijana alinunua vizuri, akachukua zile za 91 XL. Je, kwa kuwa nambari ni ile ile, upepo nao uwe ule ule wa 33? Wengi, hata mafundi wazuri, husema ndiyo. Na hapa ndipo penye mtego. Tairi haibebi gari kwa mpira wake. Upepo ulio ndani ndio unaobeba. Tairi ya kawaida hufikia kilo zake kamili ikiwa na upepo wa kilopaskali 250 kwa viwango vya Ulaya, au 240 kwa viwango vya Japani. Tairi ya XL hufikia kilo zake kamili ikiwa na 290. Yaani neno kuimarishwa halina maana kwamba inabeba zaidi kwa upepo ule ule. Maana yake ni kwamba inaruhusu kutiwa upepo zaidi, na ikitiwa ndipo ibebe. Isipotiwa, ni tairi fupi yenye jina kubwa.

Tukokotoe. Tairi ya kale ya 91, ikiwa na 230 za kibandikoni, ilikuwa ikibeba kilo kama 575 kwa hesabu ya Ulaya. Tairi mpya ya 91 XL, ikitiwa zile zile 230, hubeba kilo 510 na kitu. Tofauti ni kilo 60 na ushei kwa kila gurudumu. Ni kama kumpandisha mtu mzima mmoja juu ya kila pembe ya gari kabla hata familia haijaingia. Ili tairi mpya ifanye kazi iliyokuwa ikifanywa na ile ya kale inahitaji kilopaskali kati ya 267 na 280, kutegemea jedwali mnalolifuata, la Ulaya au la Japani. Kwa geji zetu hiyo ni psi 39 hadi 41. Sisi tungemwambia mama huyo atie 40, kisha mwanawe athibitishe kwa jedwali la kampuni iliyotengeneza tairi zile, maana kampuni kubwa huwa nazo na muuzaji mwaminifu hawezi kukosa kulitafuta.

Tazameni basi masafa yaliyopo kati ya 40 hiyo na 30 ya kijana. Kijana hakuwa na nia mbaya; aliona gari limekuwa gumu juu ya rimu kubwa akataka kulilainisha kwa ajili ya mama yake. Ubavu mfupi ndio ulioleta ugumu, na ugumu huo ni sehemu ya bei ya urembo. Ukiutoa kwa kupunguza upepo, unachopunguza ni kile kinachowabeba.

Si kila badiliko huleta hesabu hii. Aliyetoka 195/65R15 91 akaenda 205/55R16 ya kawaida yenye nambari 91 hana cha kubadilisha: nambari ni moja, aina ni moja, na kibandiko cha mlangoni kinaendelea kumfaa. Kwa kweli, kwa barabara zetu na matuta yetu, tunaona hatua hiyo ya inchi moja ndiyo yenye busara, nayo gari hupendeza vya kutosha. Lakini tunajua vijana hawatatusikiliza.

Ubaya wa upepo mdogo ni kwamba hauonekani. Tairi za ubavu mrefu zikipungukiwa na upepo huvimba chini, hata mtoto huona. Tairi yenye ubavu wa sentimita kumi hukaa wima na kujionyesha nzima huku imepoteza robo ya upepo wake. Kulipiga teke, kama wafanyavyo madereva wengi, hakusemi lolote. Na ndani yake kinachoendelea ni hiki: kila mzunguko ubavu hujikunja na kujikunjua, na kujikunja huko huzaa joto. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gurudumu la namna hii huzunguka zaidi ya mara kumi kwa kila sekunde. Upepo ukiwa mdogo hujikunja zaidi, joto hupanda zaidi, na mpira huanza kuachana na nyuzi zilizo ndani yake. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita zipatazo 120. Mtapita Mtwapa salama, mtapita Kilifi salama, na mkishawishika kuongeza mwendo baada ya daraja, gari limejaa, jua la Kaskazi limekwisha kuichoma lami, ndipo tairi lililoanza kuharibika tangu nyumbani linapopasuka. Watu husema tairi lilipasuka ghafla. Halikuwa ghafla.

Mafunzo ya Mtume (s.a.w.) kwa yule bedui, kwamba amfunge ngamia wake kisha ndipo ategemee, kila mtoto wa chuoni anayajua. Kumfunga ngamia kwa zama zetu kuna geji.

Geji hiyo iwe yenu wenyewe. Zile za vituoni huangushwa chini mara kumi kwa siku, na hutofautiana kituo na kituo. Geji ndogo ya mkononi hukaa katika mkoba pamoja na ufunguo wa nyumba. Na wakati wa kupimia umo tayari katika siku ya Mwislamu: baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijapanda, gari likiwa limelala usiku kucha. Kiwango chochote tulichokitaja hapa ni cha tairi baridi, yaani gari limesimama kwa muda wa saa tatu au zaidi, au limetembea kilomita mbili hivi kwa mwendo wa taratibu kufika kituoni. Upepo hupanda kwa joto, kiasi cha psi 1 kwa kila nyuzi sita, na gari lililotoka safari huweza kuonyesha psi 4 zaidi au hata kupita hapo. Kijana wa pampu akiona 45 mahali pa 40 baada ya mwendo mrefu, atataka kuupunguza. Msimruhusu. Usiku tairi likipoa litarudi mahali pake, na mkiwa mmekwisha kutoa, litakuwa pungufu. Ikiwa imelazimu kutia upepo tairi likiwa na moto, ongezeni psi 4 juu ya kiwango chenu cha baridi, kisha mpime tena asubuhi.

Mara moja kwa mwezi hutosha kwa gari la mjini, na daima kabla ya safari. Fungueni kifuniko cha valvu, bandikeni geji kwa nguvu ili upepo usivuje, someni, rudisheni kifuniko. Kazi yote, magurudumu manne, haifiki dakika tano. Gurudumu moja likiwa linapungua kuliko mengine kila mwezi, kuna msumari au rimu imepinda. Hili la rimu kupinda ni la kawaida kwa rimu kubwa, maana kati ya shimo na chuma pamebaki ubavu mfupi tu wa kupokea kishindo. Vilevile pitisheni kiganja ubavuni mwa tairi, ndani na nje. Mkikuta uvimbe kama jipu, nyuzi za ndani zimekatika na tairi hiyo haitengenezwi. Hutolewa siku hiyo hiyo.

Wanaonunua rimu za mkono wa pili zikiwa na tairi zake, kama ilivyo desturi, watazame pia umri. Ubavuni kuna maandishi yanayoanza na DOT, na tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kashata nzuri za mpira zinaweza kuwa bado nene, na mpira wenyewe umekwisha kukauka. Rimu za aloi nazo zina nati zake. Si kila nati ya rimu za chuma hukaa sawasawa juu yake, na hata zikikaa, zapasa kukazwa tena baada ya kilomita 80 hadi 100 za kwanza. Mwambieni fundi mapema kwamba mtarudi, asije akaona ni kumtilia shaka.

Magari machache yana taa inayowaka upepo ukipungua, kwa vipimio vilivyo ndani ya magurudumu. Rimu mpya zikitiwa bila vipimio hivyo, taa huwaka moja kwa moja au hunyamaza moja kwa moja, na dereva huzoea. Ulizeni kama vilihamishwa.

Limebaki gurudumu la akiba, lililolala chini ya mizigo ya buti na ambalo hakuna anayelikumbuka mpaka siku ya haja. Katika magari mengi ya Kijapani ni lile jembamba la muda, na upepo wake hauna uhusiano na wa wenzake: huhitaji kilopaskali 420, yaani psi 60, na mwendo wake usipite kilomita 80 kwa saa. Likikaa miaka mitatu bila kuguswa hukutwa tupu. Siku mtakapopima manne, toeni mikeka na mabirika buti, mpime na la tano.

Kisha chukueni kipande cha karatasi ya kunata, muandike kipimo cha tairi mpya na kiwango chake cha baridi, cha mbele na cha nyuma, na 60 ya akiba, mkibandike nguzoni chini ya kile kibandiko cha Kijapani. Msikifunike cha zamani. Siku rimu za chuma zitakaporudi, kitahitajika.